Sikio la Nje

Mwalimu alikuwa katikati ya uwanja, ameshika kamba ndefu iliyofungwa kwa farasi, na binti yangu anazunguka juu ya tandiko. Akaniita bila kugeuka. "Baba, naomba urudi nyuma kidogo. Anakusikiliza wewe."

Nikadhani anamsema mtoto. Nikajibu kwamba sijatamka neno.

"Najua hujatamka. Tazama sikio la nje."

Nikatazama. Sikio la ndani la yule farasi jike wa kahawia lilikuwa limeelekea kwa mwalimu, kama inavyotakiwa. La nje lilikuwa limegeuka kabisa upande wa uzio, pale nilipokuwa nimesimama nimeng'ang'ania ubao kwa mikono miwili. Kila alipokaribia upande wangu hatua zilikuwa fupi na shingo inapanda juu, akishanipita analegea. Binti yangu alikuwa na miaka 8 na ile ilikuwa mara yake ya tatu kupanda. Nikarudi hatua kumi, nikakaa kwenye benchi, nikashusha pumzi. Mzunguko uliofuata, sikio likaniacha.

Leo ana miaka 12. Wazazi wenzangu wakiniuliza ninamsaidiaje mtoto aliyependa farasi kiasi hiki, hutarajia niwaeleze habari za ada, viatu na mashindano. Mimi huanza na lile benchi.

Mapenzi yenyewe yalianza kabla hajamgusa farasi hata mmoja. Hakuwa anatembea ndani ya nyumba, alikuwa anaruka fagio lililolazwa juu ya vigoda viwili. Alikuta mahali kwamba urefu wa farasi hupimwa kwa viganja, kila kiganja inchi 4, yaani sentimita 10 na kidogo, na kwamba kipimo huishia pale shingo inapokutana na mgongo, si kichwani. Basi akaipima meza, akaupima mlango, akanipima na mimi mpaka mabegani, akaandika ukutani kwa penseli. Nikajiambia ni upepo tu, utapita.

Haukupita. Maswali yakaanza kunizidi. Kwa nini farasi hatapiki? Analalaje akiwa wima asianguke? Ningeweza kumwambia akacheze, na kusema kweli siku mbili tatu za uchovu nilimwambia hivyo. Kisha nikaona vile alivyoondoka ameinamisha uso, nikaamua kwamba asichojua yeye na nisichojua mimi tutakitafuta pamoja. Tukajua kwamba mlango wa tumbo la farasi umekaza kiasi kwamba chakula kikishaingia hakirudi, na tumbo lenyewe ni dogo kwa mnyama wa kilo 500. Ndiyo maana ameumbwa kula kidogo kidogo sehemu kubwa ya siku na usiku, na ndiyo maana msokoto wa tumbo, ambao kwetu ni wa kunywa dawa na kulala, kwake unaweza kuwa kifo. Tukajua kwamba miguu yake ina namna ya kujifunga kwenye viungo akasinzia amesimama, lakini usingizi mzito haumjii mpaka alale chini, na halali chini asipojiona yuko salama. Hiyo ya mwisho binti yangu aliishika kuliko zote. "Kwa hiyo akilala mbele yako, amekuamini," alisema. Sikuwa na la kuongeza.

Mahali pa kwanza nilipompeleka kujifunza sitapataja. Walimpa kofia ngumu iliyocheza kichwani kama sufuria, wakampandisha kabla hata hajaambiwa farasi anaitwa nani, wakamzungusha nusu saa. Mimi nilikuwa napiga picha. Njiani kurudi alikaa kimya, halafu akaniambia, "Baba, yule farasi anaumwa." Nikamuuliza amejuaje. Akasema walipokaza mkanda wa tandiko farasi alilaza masikio nyuma na kujaribu kuuma hewa, na chini ya ule mkanda ngozi ilikuwa imechubuka. Mtoto wa miaka 8 aliona kidonda ambacho mimi, niliyelipa, sikukiona. Nilipopiga simu kuuliza, niliambiwa farasi ndivyo walivyo. Hatukurudi.

Tangu hapo nikienda mahali pa farasi naangalia farasi kwanza, majengo baadaye. Je, maji yapo na ni safi? Kwato zimekatwa vizuri au zimepasuka na kukunjuka mbele kama kandambili iliyochakaa? Mbavu zinahesabika kutoka mbali? Na kubwa kuliko yote: mtu akiingia kwenye banda, farasi anamgeukia au anageukia ukuta? Mahali ambapo farasi wanageukia ukuta mtoto wangu hapandi, hata kama uwanja umesawazishwa kama zulia.

Mahali pa pili, wiki mbili za kwanza hakupanda kabisa. Nilinung'unika kidogo, maana nilikuwa nimelipia masomo ya kupanda. Sasa najua zile wiki mbili ndizo zilizobeba mengine yote. Alifundishwa asimwendee farasi kwa mbele kabisa wala kwa nyuma kabisa. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote kwa wakati mmoja, isipokuwa kipande kidogo mbele ya paji la uso na kingine nyuma ya mkia, na kwenye vipande hivyo ndiko hofu yake ilikojificha. Kwa hiyo unakuja kwa upande wa bega, unaongea. Ukilazimika kupita nyuma, unapita karibu kabisa mkono wako ukiwa mgongoni mwake ajue uko wapi, au unapita mbali teke lisifike. Hakuna katikati.

Halafu kwato. Nataka nikae hapa kidogo kwa sababu ndipo nilipoona kwamba mtoto wangu hachezi. Unasimama begani, unaangalia upande wa mkia, unashusha kiganja polepole nyuma ya mguu mpaka karibu na kifundo, unaminya kidogo, unasema "nipe." Farasi akiwa amekukubali, anaunyanyua mwenyewe na kukuachia. Chini ya ukwato kuna sehemu kama mpira yenye umbo la V, inabonyea ukiigusa, na pembeni yake kuna mifereji miwili ambamo tope, samadi na vijiwe hujishindilia. Unachokoa kwa chuma kidogo kilichopinda, kutoka kisigino kwenda kidoleni, usije ukachoma ile sehemu laini. Binti yangu alikuwa na kilo 26. Mnyama mzito karibu mara 20 yake alikuwa amesimama kwa miguu mitatu akisubiri amalize, na yeye ametoa ncha ya ulimi pembeni mwa mdomo, anachokoa, anapuliza vumbi, anachokoa. Kijiwe kilipotoka alikitia mfukoni. Anacho mpaka leo.

Kuhusu lile benchi sasa. Ile habari ya sikio ilinisumbua, nikaanza kutafuta, nikakutana na kisa cha farasi aliyeitwa Hans, kule Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Mwenye farasi, Wilhelm von Osten, alikuwa mwalimu wa hesabu, na aliamini kwa moyo wote kwamba amemfundisha Hans kujumlisha na kutoa. Ukimuuliza hesabu, Hans anagonga ardhi kwa ukwato mpaka afike kwenye jibu, kisha anaacha. Mwaka 1904 jopo la wataalamu lilichunguza na halikuona udanganyifu. Kisha mtafiti wa saikolojia, Oskar Pfungst, akagundua jambo jepesi: muulizaji akiwa hajui jibu, Hans pia hajui. Hans akizibwa asimwone muulizaji, Hans hajui. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1907. Farasi alikuwa anasoma watu. Mapigo yakikaribia jibu, muulizaji hukaza mwili bila kujua, na jibu likifika hulegea, kichwa kikainuka kidogo mno kiasi kwamba binadamu wengine hawaoni. Farasi anaona. Na kilichonigusa mimi zaidi ni kwamba Pfungst, hata baada ya kujua siri yote, alishindwa kujizuia asizitoe zile ishara.

Kwa hiyo haifai kujifanya mtulivu. Mnyama aliyeona kichwa kikiinuka unene wa uzi, atakosaje kuona baba mzima amekaza taya? Ama utulie kweli, ama ukae mbali mpaka utakapotulia. Mimi nilikaa mbali karibu mwaka mzima.

Na kukaa mbali kulikuja na kunyamaza. Nilikuwa mzazi wa "shikilia! angalia mbele! visigino chini!" Maneno yenyewe yalikuwa sahihi, niliyaokota kwa mwalimu. Lakini mtoto aliye juu ya farasi ana sauti ya mwalimu, ana mwili wa farasi unaomwambia mambo kwa mapaja na mgongo, ana hofu yake mwenyewe. Sauti yangu ilikuwa mzigo wa nne. Nikaiacha. Hata njiani kurudi nyumbani niliacha kuuliza "umefanya vizuri?" nikawa nauliza "leo farasi alikuwaje?" Swali la kwanza lilikuwa linajibiwa kwa neno moja. La pili linatufikisha mlangoni na bado hajamaliza.

Ni katika mazungumzo hayo nilipojifunza mwendo wa farasi, tena mezani. Anapiga kwa vidole: hatua za kawaida ni mapigo manne, sawasawa, kila mguu na wakati wake. Mchakamchaka ni mapigo mawili, kwa sababu miguu inakwenda kwa jozi za mkingamo, wa mbele kulia na wa nyuma kushoto, halafu hao wengine. Ndiyo maana mpandaji anainuka na kukaa, anainuka na kukaa, asirushwe. Mbio za wastani ni mapigo matatu na kimya kidogo baada yake, pale farasi anapokuwa hewani. Hicho kimya ndicho anachokipenda. Anavyokieleza anafumba macho.

Hatamu zilimchukua muda mrefu. Mwalimu alimwambia azishike kama ameshika kifaranga, asimponde wala asimpoteze, kisha akamfumbisha macho, akashika ncha ya pili mwenyewe na kuzivuta polepole ili mtoto aonje kinachofika mdomoni mwa farasi. Siku moja alifika pale na hasira za shuleni. Mwalimu alimtazama namna anavyoshuka garini, akamwambia leo hupandi, nenda kafagie banda. Alilia. Nilitaka kuingilia. Baadaye nikajua kwamba Mgiriki Xenophon, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alikwisha kuandika kwamba mtu asimwendee farasi akiwa na hasira. Mwalimu hakuwa mkali, alikuwa anashika kanuni ya zamani sana. Nusu saa baadaye nilimkuta mtoto ameegemea shingo ya yule jike, hafagii, hasemi, wanapumua tu wote wawili.

Wahenga walisema mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Nilikuwa nimeusikia msemo huo maisha yangu yote bila kufikiria farasi hata kidogo. Mimi nilitaka binti yangu apande, na nilitaka asianguke. Hivyo viwili haviendi pamoja.

Alianguka akiwa na miaka 10. Ndege waliruka ghafla kutoka kwenye majani pembeni ya uwanja, farasi akakwepa upande, mtoto akabaki pale farasi alipokuwa. Aliteleza begani akatua kwa ubavu, na kofia ikagonga chini, nikaisikia kutoka kwenye benchi. Kitu kigumu nilichowahi kufanya kama mzazi ni kutokimbilia uwanjani. Farasi aliyeshtuka akiona mtu anamjia mbio hukimbia zaidi, na mtoto yuko chini. Mwalimu alisema "wote simameni," akamfikia mtoto, mwenzake akamshika farasi, ndipo akanipungia mkono. Zile sekunde sitazisahau.

Kuna usemi kwamba ukianguka, panda tena hapo hapo, hofu isiote mizizi. Sikubaliani nao ukichukuliwa hivi hivi. Kichwa kikishagonga chini, hakuna kupanda siku hiyo, hofu itangoja. Tulimpeleka kwa daktari, akaangaliwa, akawa mzima. Kofia haikuwa na ufa hata mmoja na bado tuliitupa. Kinachokinga ubongo ni ile tabaka ya ndani inayobonyea mara moja kupokea pigo, na ikishabonyea haiinuki tena, hata kama nje inang'aa. Ndiyo maana pia sinunui kofia iliyokwisha kutumika, hata ipendeze vipi: siijui historia yake. Kofia ikae mlalo juu ya nyusi kidogo, mkanda ukazwe chini ya kidevu, na akitikisa kichwa isicheze. Viatu viwe na kisigino kifupi ili mguu usipenye kwenye vikuku vya kukanyagia na kunasa, kwa sababu kuanguka ni jambo moja na kuburutwa ni jingine kabisa. Na kamba au hatamu zisizungushwe mkononi kamwe, hata kwa dakika moja, hata kwa farasi mpole. Kwa haya sina majadiliano na mwanangu, na yeye anajua.

Alirudi kupanda baada ya siku 12. Mwendo wa hatua tu, wiki tatu. Yeye ndiye aliyesema lini mchakamchaka.

Ombi la kununuliwa farasi lilikuja, kama nilivyojua litakuja. Nilikataa, na nikamwambia sababu zote kama mtu mzima. Farasi huishi miaka 25, wengine 30. Hawezi kukaa peke yake, ni mnyama wa kundi, upweke unamwumiza. Kwato zinahitaji fundi kila baada ya wiki 6 hadi 8, meno yanahitaji kuangaliwa, na akiumwa usiku wa manane anahitaji daktari wa mifugo usiku huo huo. Tukafanya mpango mwingine: siku mbili kwa wiki anamhudumia yule jike, anapanda moja tu kati ya hizo. Nilitegemea angelalamika. Siku ya kutopanda ndiyo anayoamka mapema zaidi.

Kisha ikaja miezi ya kukwama. Mwalimu aliondoa vikuku vya miguu ili ajifunze kukaa kwa uzito wa mwili, na kila kitu alichokijua kikasambaratika. Alikuwa anarudi amevunjika moyo, anasema miguu yake haina nguvu. Nikamweleza habari za Lis Hartel wa Denmark. Mwaka 1944, akiwa mjamzito, alipata polio, na hata baada ya mazoezi ya muda mrefu hakupata tena nguvu chini ya magoti. Kupanda na kushuka alikuwa anasaidiwa. Katika Olimpiki za Helsinki mwaka 1952, mara ya kwanza wanawake kuruhusiwa katika mchezo ule wa kumwongoza farasi kwa madaha, alishindana na wanaume akapata medali ya fedha. Mwaka 1956 akapata nyingine ya fedha.

Hakuniuliza habari za medali. Aliuliza, "Alimwambiaje farasi, kama miguu haisikii?"

Nikamwambia nadhani kwa mgongo, kwa kukaa, kwa pumzi. Akafikiri. Akatoka kwenye kiti, akakaa juu ya mkono wa kochi, akafumba macho na kuanza kuhamisha uzito wake kushoto, kulia, kushoto, kidogo sana.

Mwezi uliopita nilifika kumchukua mapema. Alikuwa amemfunga yule jike nje ya banda, anamsugua. Akaniambia, "Baba, njoo unisaidie kwato." Kwa miaka minne nilikuwa sijagusa mguu wa farasi. Nikaja kwa upande wa bega, ninaongea, kama nilivyosikia mwalimu akisema mara mia. Sikio likanigeukia.

"Toa pumzi kwanza," binti yangu akasema.

Nikaitoa. Nikashusha kiganja nyuma ya mguu, nikaminya, nikasema nipe. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha uzito ukahama, mguu ukanyanyuka, na ukwato ukatua kwenye kiganja changu, mzito, mkavu, una harufu ya nyasi na udongo.

"Ushike kwa nje uone kama una joto," akasema. "Ukiwa wa moto tunamwambia mwalimu."

Nikaufunika kwa mkono wa pili. "Hauna joto."

"Vizuri. Sasa wa nyuma."